Mpaka "ila" itoke: kumwandaa mwanafunzi wa chuo kuwa mlezi rika

Mwulize fresha yeyote, yaani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika wiki ya tano ya semesta yuko aje, atakujibu, "Niko poa." Huenda mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haujaingia, mwenye nyumba wa Kahawa Wendani amepiga simu mara mbili, na yuniti mbili alizosajili hazionekani kwenye tovuti ya chuo. Bado atasema yuko poa, wala hadanganyi. Kwetu salamu hujibiwa kwa heri kwanza: "Njema tu, ila mtoto hajalala." Shida husubiri nyuma ya hiyo "ila", na "ila" hutoka tu ikiwa aliyesalimu hajaondoka.

Mlezi rika ni mwanafunzi aliyeandaliwa kubaki hapo mpaka "ila" itoke, kisha kujua la kufanya nayo. Mafunzo mengi humfundisha kinyume chake. Humjaza habari na mawaidha, naye akikutana na mwenzake huyamwaga yote kabla mwenzake hajamaliza sentensi ya pili.

Kwanza tutenganishe kazi, maana majina yamechanganyika vyuoni na mchanganyiko huo huleta madhara. Mwelimishaji rika hubeba ujumbe wa afya kwa watu wengi. Vyuo vyetu vinamfahamu tangu enzi za kampeni za Ukimwi, na shirika la I Choose Life lilianzia kazi ya aina hiyo Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkufunzi rika husaidia katika yuniti moja ngumu. Mfumo wake unaojulikana sana ulianzishwa na Deanna Martin mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, ambapo mwanafunzi aliyefaulu somo hurudi kuhudhuria mihadhara ileile na kuongoza vikao vya marudio. Mshauri rika huwa chini ya idara ya unasihi na husikiliza wanaokuja na dhiki. Mlezi rika si mmojawapo wa hao. Yeye hupewa wanafunzi wachache, wale wale, mwaka mzima, na kazi yake ni kuwasindikiza. Mwenye kumsindikiza mgeni hafiki naye nyumbani kwake. Humtoa penye giza na njia panda, akamwacha pale ambapo mgeni ataiona njia mwenyewe.

Tofauti hii ina uzito wa kisheria pia. Tangu Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, unasihi nchini Kenya ni taaluma yenye usajili. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyevishwa fulana yenye neno "Mnasihi" amepewa cheo asichokuwa nacho, na mwenzake mwenye shida kubwa atamwamini kupita uwezo wake. Fulana iandikwe "Mlezi rika", basi.

Kwa nini awe mwanafunzi mwenzake na si mhadhiri? Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutoka kwenye vyanzo vinne: kufaulu jambo mwenyewe, kumwona mtu anayefanana naye akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mwili wake unavyohisi. Mlezi rika ana nguvu katika chanzo cha pili, lakini nguvu hiyo yote iko kwenye kufanana. Mwanafunzi aliyepata alama za juu kila semesta humfanya fresha aseme moyoni, "Huyo ni wa aina yake." Aliyeangushwa na Hesabu za mwaka wa kwanza, akafanya sapu (mtihani wa marudio), akapita, humfanya aseme, "Kumbe inawezekana."

Kwa hiyo usichague kwa alama peke yake. Chagua mwanafunzi anayemaliza mwaka wa pili, ili alee akiwa wa tatu. Wa mwaka wa nne ana mradi wa utafiti na akili yake iko kwenye kuhitimu. Tangaza nafasi mwezi Februari au Machi, na ukihitaji walezi 40, funza 50, kwa kuwa wengine wataondolewa na mtihani wa mwisho na wengine wataitwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, mbali na jiji. Mlezi mmoja alee wanafunzi sita. Wakizidi wanane, ataanza kusahau nani alikuwa na mgonjwa nyumbani na nani alikuwa anatafuta chumba. Wapangwe kwa kozi na mahali wanapoishi. Kuwapanga kwa kaunti walizotoka ni rahisi, lakini vyama vya watu wa nyumbani tayari vipo, na mtu wa kijijini kwenu hawezi kukuambia mhadhiri wa yuniti fulani hutunga mtihani wa namna gani. Msichana anayetaka kulelewa na msichana apewe, bila kutakiwa kueleza sababu.

Kwenye usaili kuna kipimo kimoja kinachozidi barua zote za maombi. Msaili amsimulie mwombaji shida ndogo kwa dakika moja, mathalani kwamba anayeishi naye chumbani hupika usiku wa manane, kisha anyamaze. Aangalie iwapo mwombaji atauliza lolote kabla ya kushauri. Anayeuliza hata swali moja anafundishika.

Saa 20 na mahali pa kuziweka

Mafunzo ya awali yawe Jumamosi nne, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ukitoa chakula na mapumziko, zinabaki takriban saa 20. Kuzibana katika siku tatu mfululizo ni kosa la kawaida, na hufanywa kwa sababu ukumbi umepatikana wikendi moja. Ujuzi wa kusikiliza hukua kati ya Jumamosi na Jumamosi, mwanafunzi anapoujaribu kwa anayeishi naye chumbani, akashindwa, akarudi na swali. Saa tisa nayo ina sababu yake: wanaorudi Rongai au Juja wafike kabla ya giza, na mvua ikinyesha nauli hupanda. Lipa nauli na upike chakula. Programu isiyokuwa na bajeti ya nauli huwapoteza kwanza wanafunzi maskini, ambao ndio wangefanana zaidi na wale watakaolelewa.

Darasa liwe la watu 24 na wakufunzi wawili, mmoja wao mnasihi aliyesajiliwa. Idadi hiyo hugawanyika kwa tatu, na zoezi la watatu ndilo uti wa mgongo wa mafunzo haya. Mmoja anazungumza, mmoja anasikiliza, mmoja anatazama. Mazungumzo dakika nane, maoni dakika nne, halafu wanabadilishana nafasi. Mtazamaji hapewi kazi ya kusifu. Anahesabu mambo matatu: maswali mangapi yalijibika kwa ndiyo au hapana, ni mara ngapi msikilizaji alirudisha maneno ya mwenzake, na ushauri wa kwanza ulitoka dakika ya ngapi. Jumamosi ya kwanza ushauri hutoka mapema mno, na wanafunzi wenyewe hushtuka wakisomewa hesabu. Lengo ni kwamba kufikia Jumamosi ya nne dakika tano za kwanza zipite bila ushauri wowote.

Zoezi lifanyike kwa lugha watakayoitumia bwenini. Ukiliendesha kwa Kiingereza, watakariri sentensi za vitabuni zinazosikika vizuri ukumbini na kuwakwama kooni mbele ya mtu anayelia. Wazungumze Kiswahili na Sheng, kwa maana shida zitakuja kwa lugha hiyo.

Tazama mfano. Fresha anazungumzia CAT, mtihani mdogo wa katikati ya semesta. Anasema, "Hiyo CAT ya juzi niliacha tu karatasi nikatoka." Mlezi asiyefunzwa anajibu, "Usijali, CAT zote ni alama 30, utafidia kwenye mtihani." Taarifa hiyo ni kweli katika vyuo vingi vya umma, ambako mtihani wa mwisho hubeba 70 na alama ya kupita ni 40. Lakini imefunga mlango. Fresha ataitikia "sawa" na mazungumzo yamekwisha. Mlezi aliyefunzwa anasema, "Ukatoka," kisha ananyamaza. Au anauliza, "Ulipotoka ulienda wapi?" Hapo huenda akasikia, "Nilirudi bedsita nikalala. Sijatoka tangu Jumanne." Jambo lenyewe halikuwa CAT.

Lugha yetu imempa msikilizaji vifaa vizuri na mitego pia. Neno "pole" ni kifaa. Liseme, kisha hesabu hadi tano moyoni bila kuongeza kitu. Wengi huliharibu kwa kulifuatisha "lakini". Neno "mbona" ni mtego. "Mbona hukuja darasani?" ni mashtaka, na aliyeshtakiwa hujitetea. "Kwa nini" nayo haiko mbali. Badala yake mfunze kuuliza, "Ilikuwaje siku hiyo?" Ilikuwaje huomba kisa, na ndani ya kisa ndimo sababu hujitokeza zenyewe. Vivyo hivyo, "Uko aje?" iachiwe salamu. Baada ya salamu yafuate maswali yenye hesabu: "Wiki hii umeingia madarasa mangapi?" "Tangu asubuhi umekula nini?" Mtu anaweza kuwa "poa" kwa swali la kwanza, lakini swali la chakula lina jibu moja tu la kweli.

Jumamosi ya pili kila mmoja aandae kisa chake cha mwaka wa kwanza, kisichozidi dakika tatu, chenye kosa, alichofanya baada ya kosa, na nani alimsaidia. Kisa kisichokuwa na msaidizi hakifai. Humfundisha fresha kwamba watu hodari hujikwamua peke yao, na hilo ndilo linalowafanya wafiche shida hadi mwezi wa mtihani.

Mpaka wa kazi

Sehemu hii ipewe Jumamosi nzima ya tatu, na isiwe mhadhara. Mlezi ajifunze kupanga mambo kwa rangi tatu. Ya kijani anayamaliza mwenyewe: usajili wa yuniti, kupanga ratiba, kutafuta chumba, kuogopa kuuliza swali darasani. Ya manjano anampigia msimamizi wake ndani ya saa 24: mwenzake ameacha kuhudhuria masomo kwa wiki mbili, amecheza kamari karo yote, hana chakula kwa siku kadhaa, ana mikopo ya simu inayolipwa kwa mikopo mingine. Nyekundu haisubiri saa hata moja na mtu haachwi peke yake: fikra za kujiua, kubakwa au kupigwa, kuzidiwa na dawa za kulevya, mhadhiri anayedai ngono ili atoe alama. Kumbuka pia kwamba wapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wenye miaka 17. Kisheria hao ni watoto, na la kuwahusu wao hupanda rangi moja.

Kabla ya lolote, katika mkutano wa kwanza kabisa, mlezi atamke mpaka wa siri. Ajizoeze kwa sauti mpaka maneno yawe yake: "Tutakayozungumza hayatoki hapa. Ila nikiona maisha yako yako hatarini, au ya mtu mwingine, sitanyamaza. Nitatafuta msaada, na nitakuambia wewe kwanza." Anayeahidi siri ya moja kwa moja atalazimika siku moja kuchagua kati ya kuvunja ahadi na kumwacha mtu afe.

Kuhusu kujiua, mafunzo mengi huzungukazunguka. Tunasema "kufanya kitu kibaya" au "kujidhuru", tukiamini tunastiri. Lakini anayewaza kujiua akisikia tafsida huelewa kwamba hata muulizaji anaogopa kulisikia jibu. Swali liulizwe kwa jina lake: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, wataalamu wanakubaliana juu ya jambo hili, na mara nyingi swali humpa nafuu ya kusema. Kila mwanafunzi darasani alitamke, mmoja baada ya mwingine, akimtazama mwenzake machoni. Wengine watacheka kwa wasiwasi, wengine sauti itakatika. Heri ikatike hapo. Akijibiwa ndiyo, hatoi mawaidha ya dini wala kumkumbusha mamake. Anabaki naye, anampigia mnasihi wa zamu, na kama ni usiku au ofisi imefungwa anapiga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya. Waelezwe pia kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Hofu ya polisi imewanyamazisha wengi, na bado ipo vichwani.

Kwa aliyebakwa, saa ndizo zinazoamua. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi saa 120. Hospitali kwanza, fomu ya P3 ya polisi inaweza kufuata. Asioge, na nguo zikivuliwa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huzivundisha na kuharibu ushahidi. Mlezi asiulize ilivyotokea. Kazi yake ni kumfikisha, na nambari 1195 ya dhuluma za kijinsia hupokea simu bila malipo.

Nimetumia neno kumfikisha kwa makusudi. Rufaa nyingi hufia njiani. Mlezi humwambia mwenzake, "Nenda ofisi ya unasihi," naye huitikia, akapita mbele ya mlango mara mbili, akaona foleni yenye mtu anayemjua, akarudi chumbani. Mlezi apige simu kwanza, apate jina la mtu na saa, aende naye hadi mlangoni, amngoje au akubaliane naye watakutana wapi baadaye. Kesho yake aulize jambo moja tu: "Ulionana naye?"

Ndiyo sababu saa mbili za mafunzo zitumike kutembea. Wanafunzi waende wawili wawili hadi kila mlango watakaowapeleka wenzao: zahanati ya chuo, unasihi, ofisi ya mkuu wa masuala ya wanafunzi, fedha, mitihani, jinsia, hosteli. Warudi na majibu: hufunguliwa saa ngapi, anayehudumia mezani ni nani, karatasi gani hutakiwa, na wakati wa chakula cha mchana hufungwa kwa muda gani. Wayaandike kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa uandikwe upya kila semesta kwa kuwa watu huhamishwa. Waongeze yaliyo nje ya kampasi. Basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maeneo bunge, hutolewa na eneo bunge, kwa hiyo fresha aliyetoka Kitui kwa kawaida atahitaji mtu wa nyumbani wa kufuatilia fomu, akiwa na nakala ya barua ya kujiunga na chuo na ya muundo wa karo. Alama zinazokosekana hufuatiliwa idarani kwa ushahidi: karatasi ya CAT iliyosahihishwa, na tarehe na jina la kila aliyeulizwa. Mwanafunzi aliyetupa CAT zake hana la kuonyesha, hivyo mlezi amwambie azihifadhi tangu wiki ya kwanza.

Pesa na mapenzi ni mipaka isiyohitaji mjadala mrefu. Mlezi hakopeshi. Akishatoa shilingi 500, fresha humkwepa mpaka azirudishe, na uhusiano umekufa kwa bei hiyo. Mwenye njaa apelekwe siku hiyohiyo kunakotolewa msaada. Mlezi anaweza kula naye, si kumkopesha. Na hakuna mapenzi kati ya mlezi na anayemlea kwa mwaka wote huo, hata wote wakitaka, kwa kuwa mmoja wao ameshika siri za mwingine.

Kumbukumbu ziwe fupi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, chuo kinawajibika kwa taarifa za watu kinazokusanya, na habari za afya huhitaji uangalifu zaidi. Tarehe, dakika, rangi, hatua inayofuata. Hakuna kisa kinachoandikwa, na hakuna jina wala picha ya skrini inayoingia kwenye kundi la WhatsApp la walezi, hata kwa nia ya kuomba ushauri.

Jumamosi ya nne humalizika kwa mtihani. Mtu asiyejulikana na mwanafunzi, pengine mwigizaji wa klabu ya drama, huja na kisa chenye rangi ya manjano kinachogeuka nyekundu katikati. Dakika kumi. Hufeli anayeahidi siri yote, anayehubiri, asiyeuliza swali la moja kwa moja panapotakiwa, au anayemwacha mtu bila hatua inayofuata. Anayefeli mara mbili apewe kazi nyingine ya heshima, kama kuongoza wageni au kuandaa vikao. Kumwonea haya na kumpitisha ni kuwaonea fresha wake sita.

Baada ya cheti

Programu nyingi hufa hapa. Cheti kimetolewa, picha imepigwa, na walezi hawaonani tena na mkufunzi. Kila wiki mbili walezi wanane wakae na msimamizi kwa dakika 75. Kila mmoja alete mazungumzo mamoja bila jina, na msimamizi aulize, "Ulitaka kusema nini ukajizuia?" Swali hilo humwonyesha mlezi kazi aliyoifanya kimya kimya, na humfichulia msimamizi nani amebeba mzigo mzito. Vikao huvunjika wiki ya saba, CAT zinapokuja, eti kila mtu ana shughuli. Wiki hiyo ndiyo walelewa hufunguka, kwa hiyo kikao cha wiki ya saba kifupishwe ikibidi, lakini kisifutwe. Katika wiki za mtihani walezi wapumzike, na simu za nyekundu ziende kwa msimamizi.

Fresha nao hupotea mapema kama mkutano hauna sababu. "Tukutane tupige stori" haimtoi mtu Ngara jioni. Yape mikutano kazi: wiki ya kwanza usajili wa yuniti, ya tatu HELB na bajeti ya mwezi, ya sita CAT, ya kumi kadi ya mtihani na karo iliyosalia. Dakika 45 kila mara, kumi za shughuli na zilizobaki za mazungumzo. Shughuli ndiyo inayomleta; "ila" itakuja ikiwa muda upo. Na ofisi zisiwageuze walezi kuwa vibarua wa kupanga foleni siku ya usajili, kwani fresha akishamwona mlezi wake akiwafokea watu mlangoni, hatamweleza kitu.

Usipime programu kwa idadi ya waliohudhuria uzinduzi. Pima ni fresha wangapi walirudi mkutano wa pili, na kati ya rufaa zote ni ngapi zilifika mlangoni.

Mkutano wa mwisho uwe wiki ya kumi na mbili ya semesta ya pili, nao utangazwe mwezi mmoja kabla. Mlezi aulize ni ofisi zipi fresha anaweza kwenda peke yake sasa, ni nani mwingine anayeweza kumpigia simu, na kama kuna jambo la manjano bado liko wazi. Likiwepo, msimamizi analipokea kwa mkono, mbele ya wote wawili. Halafu mlezi anafuta nambari za walioomba zifutwe, anarudisha daftari lake la tarehe na rangi, na kundi la WhatsApp linafungwa.